Kartoni, Sponji au Shaba: Kuchagua Njia ya Kutengeneza Helmeti ya Mchezo wa Video

Helmeti ya mchezo wa video inaweza kutengenezwa kwa njia nyingi. Njia ifaayo huamuliwa na mambo manne: umbo la helmeti yenyewe, matumizi yake, vifaa vilivyopo mahali fundi alipo, na umeme. Wengi huanza na kifaa, hasa printa ya pande tatu, halafu hulazimisha kila kitu kingine kukifuata. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake: umbo kwanza, kifaa baadaye. Chukua mfano wa Pweto, mkoani Haut-Katanga nchini Kongo: ipo pale ambapo Mto Luvua unatoka katika Ziwa Mweru, na bidhaa za viwandani huifikia baada ya safari ndefu ya lori au boti. Hapo utaratibu huo unaokoa pesa na miezi ya kusubiri. Kijana wa Lubumbashi ana maduka na mafundi karibu zaidi, lakini naye akianza na umbo hatanunua kitu asichokihitaji.

Maumbo ya helmeti za michezo hugawanyika vizuri katika makundi matatu. La kwanza ni la nyuso bapa zinazokutana kwa pembe. Helmeti ya Master Chief wa Halo, mchezo uliotoka mwaka 2001, ni mfano bora: ukiondoa kioo chake cha rangi ya dhahabu, karibu kila sehemu yake inaweza kuchorwa kwa rula. La pili ni la mviringo, kama helmeti ya Samus Aran wa Metroid, mchezo wa mwaka 1986, ambayo haina pembe wala ukingo mkali. La tatu ni la mabamba yaliyounganishwa, kama helmeti ya chuma yenye pembe mbili katika Skyrim ya mwaka 2011, inayoiga kazi ya mhunzi. Helmeti ya ngazi ya tatu katika PUBG, ambayo wachezaji wengi wameijulia kwenye simu, inachanganya makundi mawili: kuba laini juu, na bamba gumu la uso lenye mwanya wa kuonea. Mchanganyiko kama huo ni wa kawaida, na hakuna sheria inayotaka helmeti nzima itengenezwe kwa njia moja. Kuba linaweza kuwa la karatasi iliyobandikwa kwa matabaka na bamba la uso likawa la bati.

Matumizi yanakuja baada ya umbo, na hapa uzito ndio unaoamua. Helmeti inayofunika kichwa chote ina eneo la nje lipatalo robo ya mita mraba. Eneo hilo likiwa la kartoni, uzito huwa gramu 150 hadi 250. Kwa sponji ngumu ya milimita 10 ni gramu 250 hadi 400, kwa faibaglasi ya milimita 2 ni gramu 700 hivi, na kwa plastiki ya printa yenye unene wa milimita 3 ni karibu kilo moja. Bati la chuma la nusu milimita nalo hufikia karibu kilo moja. Shaba ya milimita 1 hupita kilo mbili. Helmeti ya pikipiki inayofunika uso ina takriban kilo moja na nusu, na kila aliyeivaa kutwa nzima anajua shingo inavyouma. Kwa hiyo shaba nzito ni ya kuwekwa rafuni au kuvaliwa kwa dakika chache za picha. Anayetaka kucheza na kutembea nayo kwenye sherehe abaki na kartoni au sponji.

Kabla ya kukata chochote, kichwa hupimwa. Mzunguko wa kichwa cha mtu mzima, ukipitishwa juu ya nyusi na masikio, huwa kati ya sentimita 54 na 62. Upana wa kichwa ni kama sentimita 15 na urefu wake kutoka paji la uso hadi kisogo ni kama sentimita 19. Ukiongeza nafasi ya sentimita 2 kila upande pamoja na unene wa ukuta, helmeti yenyewe hufikia upana wa sentimita 21 au 22 na urefu wa 25 au 26. Mwenye nywele za kusuka aongeze zaidi. Kosa linaloharibu kazi nyingi liko chini, kwenye tundu la shingo: helmeti za michezo hubana sana pale, kwa sababu aliyezichora hakuwa na haja ya kupitisha kichwa halisi. Tundu likiwa jembamba kuliko kichwa, helmeti hukatwa vipande viwili, mbele na nyuma, na kufungwa kwa sumaku ndogo au vifungo vya mkanda. Uamuzi huo hufanywa mwanzoni, maana kuipasua helmeti iliyokwisha pakwa rangi ni kuianza upya.

Kartoni ndiyo njia ya kwanza kwa Haut-Katanga nzima, na si kwa sababu ya umaskini. Katanga imeipa dunia Jean Katambayi Mukendi, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1974 na kusomea mambo ya umeme, ambaye mashine zake za kartoni, nyaya na vipuri vya zamani zimeonyeshwa katika nchi nyingi. Kinshasa ilikuwa na Bodys Isek Kingelez, aliyefariki mwaka 2015, ambaye miji yake ya karatasi na kadi ilipewa maonyesho makubwa katika jumba la MoMA la New York mwaka 2018. Kazi zao zinaonyesha wazi kwamba kartoni ikikatwa kwa usahihi hubeba umbo lolote, na kwamba anayeitazama huona umbo kabla ya kuona boksi.

Kartoni nzuri hutoka kwenye maboksi ya televisheni, friji na vipuri. Maboksi ya samaki wa barafu hayafai: mengi yamepakwa nta au plastiki ili yasilowe, na gundi haishiki juu yake. Kila kartoni ina mawimbi ndani yake, na mawimbi hayo yana mwelekeo. Kipande kinachopaswa kupinda hukatwa kiasi kwamba mpindo unafuata mawimbi, la sivyo kitavunjika kwa mikunjo mibaya. Pale ambapo pindo ni la duara dogo, karatasi ya upande mmoja hubanduliwa taratibu baada ya kuloweshwa kidogo kwa kitambaa, na upande uliobaki, wenye mawimbi yaliyo wazi, hukunjika kama mkeka. Wembe hubadilishwa mapema. Wembe butu haukati kartoni bali huirarua, na ukingo uliochanika utaonekana hata chini ya rangi ya tabaka tatu.

Kwa nyuso bapa zilizo nyingi, kama za Master Chief, kuna msaada wa kompyuta. Programu ya Pepakura Designer ya kampuni ya Tama Software ya Japani huchukua umbo la pande tatu na kulifungua kuwa vipande bapa vya kuchapishwa kwenye karatasi, kila ukingo ukiwa na namba inayolingana na ya ukingo utakaoungana nao. Inafanya kazi kwenye kompyuta ya Windows, na mashine ya kawaida ya kuchapisha karatasi za A4 inatosha. Karatasi iwe nene, ya gramu 200 hadi 250 kwa mita mraba. Ukurasa mmoja huchapishwa kwanza na kupimwa kwa rula, kwa sababu mashine nyingi hupunguza ukubwa kimyakimya ili kila kitu kiingie ndani ya ukurasa, na upungufu wa asilimia 5 unatosha kuifanya helmeti isiingie kichwani. Anayeishi mbali na mji anaweza kuchapisha kurasa zote siku moja Lubumbashi, akazibeba ndani ya bahasha, na kazi iliyobaki isihitaji umeme hata kidogo. Hiyo ndiyo nguvu kubwa ya njia hii.

Ganda la karatasi likisha kuungana huwa jepesi na dhaifu, na linahitaji kuimarishwa. Njia isiyo na sumu ni vipande vya gazeti vilivyobandikwa kwa uji mzito wa unga wa muhogo, au kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo. Gazeti huchanwa kwa mkono, halikatwi kwa mkasi: ukingo uliochanwa una nyuzi laini zinazolala juu ya kipande cha jirani bila kuacha ngazi. Tabaka la kwanza huwekwa ndani, ili lisiharibu kona za nje, na kila tabaka hukauka kabisa kabla ya lingine. Matabaka matatu au manne yanatosha. Uji wa muhogo una maadui wawili, ukungu na mende, kwa hiyo kazi hii inapendeza kati ya Mei na Septemba, wakati wa kiangazi, na ganda likikauka hupakwa vanishi ndani na nje. Anayelazimika kuifanya wakati wa mvua, hewa ya ziwa ikiwa na unyevu mwingi, atumie gundi nyeupe na aache uji.

Kuba za mviringo zina njia fupi zaidi. Puto, mpira wa zamani au bakuli la plastiki hupakwa mafuta au kufunikwa kwa nailoni, kisha karatasi hubandikwa juu yake kwa matabaka. Kuba la helmeti ya PUBG hupatikana hivyo, na sehemu ya uso huongezwa baadaye kwa kartoni iliyokatwa bapa.

Sponji ngumu, ile ya mikeka ya mazoezi na ya ndala, inafaa kwa maumbo ya mviringo na kwa helmeti itakayovaliwa muda mrefu. Unene wa milimita 10 ni wa kuta, na wa milimita 2 hadi 5 ni wa mapambo na mistari. Hukatwa kwa kisu kikali kilichoinamishwa, ili pande mbili zikikutana zizae pembe inayotakiwa. Gundi ni ile ya washona viatu: hupakwa pande zote mbili, huachwa dakika kadhaa hadi isinate kwenye kidole, ndipo pande hugusanishwa. Zikigusana hazisogezwi tena, hivyo ni busara kuanza kuunganisha katikati na kuelekea mwisho. Joto huilainisha sponji na kuifanya ishike mpindo ikipoa. Asiye na mashine ya hewa moto anaweza kuipitisha juu ya mbabula yenye makaa mekundu yasiyo na mwali, kwa umbali wa kiganja, akiigeuza bila kusimama. Sponji inayoanza kung'aa imepata joto la kutosha, na inayotoa moshi imeungua. Kabla ya rangi, vinyweleo vyake huzibwa kwa matabaka matatu au manne ya gundi nyeupe, la sivyo rangi itanywewa yote.

Faibaglasi huipa helmeti ugumu wa kweli. Kwa kawaida haitumiki peke yake bali juu ya ganda la karatasi: resini ya poliesta hupakwa nje ili ganda likaze, kisha kitambaa cha nyuzi za kioo hulazwa ndani na kuloweshwa kwa resini. Mashimo na mawimbi husawazishwa kwa puti ya mafundi wa bodi za magari, halafu msasa. Lubumbashi mafundi hao wapo wengi, na resini na puti hupatikana kwao kwa kipimo kidogo. Kigumishi huwekwa gramu 1 hadi 2 kwa kila gramu 100 za resini. Kikizidi, resini huchemka na kupasuka. Kikipungua, au usiku ukiwa wa baridi kama ilivyo Lubumbashi mwezi wa Juni na Julai, resini hubaki na utando unaonata kwa siku nyingi.

Njia hii inataka uangalifu kuliko zote. Mvuke wa resini huumiza mapafu na kichwa, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haiuzuii. Inahitajika ile yenye vichujio vya mkaa, na kazi ifanyike nje. Kigumishi ni peroksidi inayoweza kupofusha jicho kwa tone moja, hivyo miwani ya kazi si ya hiari. Kuna jambo moja zaidi linalowahusu watu wa Katanga kwa namna yao. Chumvi ya kobalti, madini ambayo Kongo inazalisha zaidi ya nusu ya kiasi chote cha dunia, ndiyo inayotiwa katika resini ili iwahi kukauka. Resini nyingi huuzwa ikiwa imekwisha kutiwa. Ikija na chupa ya kobalti pembeni, kobalti huchanganywa kwanza na resini yote, na peroksidi huja mwisho. Viwili hivyo vikimiminwa pamoja moja kwa moja vinaweza kulipuka. Pia resini ya poliesta huyeyusha stiropo, ile nyeupe inayokinga televisheni ndani ya boksi. Aliyechonga umbo lake kwa stiropo aifunike kwanza kwa karatasi na gundi.

Kwa kundi la mabamba, hakuna kinachoshinda metali, na hapa Katanga ina utajiri wake. Shaba imeyeyushwa na kufuliwa katika nchi hii tangu kabla ya ukoloni, na misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha inahifadhiwa katika makumbusho mengi. Mafundi wa Lubumbashi hadi leo hugonga picha juu ya mabamba ya shaba. Ustadi huohuo ndio unaohitajika kwa helmeti ya Skyrim. Bamba la nusu milimita huchomwa juu ya makaa hadi liwe jekundu hafifu likitazamwa kivulini, kisha hutumbukizwa majini. Tofauti na chuma cha kisu, shaba haikazwi na maji: inatoka laini, tayari kugongwa. Nyundo huanza katikati ya bamba likiwa juu ya mfuko wa mchanga au gogo lenye shimo, na kila pigo hulala nusu juu ya pigo lililotangulia. Baada ya mapigo mengi sauti hubadilika na kuwa kali na nyundo huanza kuruka: shaba imekuwa ngumu, na hurudishwa motoni. Anayeipuuza sauti hiyo hupata ufa ukingoni. Mabamba manne au matano yaliyogongwa hivyo huunganishwa kwa ribiti, na ribiti zenyewe huwa pambo, kwa sababu helmeti ya mchezo nayo imechorwa nazo.

Asiye na shaba anaweza kumwendea fundi bati anayetengeneza ndoo, mbabula na vibatari. Bati la madebe ya mafuta hukatwa kwa mkasi wa bati, na kila ukingo hukunjwa ndani milimita 5 ili usikate shingo. Bati la kuezekea lenye zinki lisichomwe wala kulehemiwa, kwa kuwa moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye.

Printa ya pande tatu hutoa usahihi ambao mkono huupata kwa shida, na kwa Samus au kwa kioo na vishimo vya Master Chief inavutia sana. Lakini printa nyingi za bei nafuu zina sahani ya takriban sentimita 22 kwa 22, kwa hiyo helmeti ya mtu mzima hukatwa vipande na kuunganishwa kwa gundi na puti. Uchapishaji huchukua makumi ya saa, na umeme ukikatika saa ya 25 kipande kinaweza kupotea chote, hata kwa printa inayodai kuendelea ilipoachia, kwa sababu plastiki ikipoa hubanduka. Mahali panapotegemea jenereta au sola ndogo, ni afadhali kuchapisha mjini vipande vidogo tu vyenye maumbo magumu, kisha kuvibandika juu ya ganda la kartoni. Plastiki ya PLA nayo hulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Helmeti iliyoachwa ndani ya gari lililofungwa juani Pweto itapinda.

Mbao haziiti wengi, ingawa ndizo za asili kuliko zote. Watabwa, wenyeji wa eneo lililo kati ya Mweru na Tanganyika, wamechonga barakoa za nyati zinazofunika kichwa chote kutoka katika gogo moja. Kazi hiyo inataka mchongaji aliyekomaa. Kwa helmeti ya mchezo, mbao nyepesi zitumike kwa pembe tu. Kufinyanga kwa udongo na kutoa kalibu ya plasta au silikoni kuna faida pale tu zinapotakiwa helmeti kadhaa zinazofanana, na anayefikiria kuuza akumbuke kwamba maumbo hayo ni mali ya kampuni zilizotengeneza michezo.

Umaliziaji unafanana kwa njia zote. Msasa namba 120 hutangulia, kisha 240, kisha 400 kwa maji, isipokuwa kwenye kartoni ambayo haipaswi kuloweshwa. Mwonekano wa chuma hupatikana kwa rangi nyeusi isiyong'aa iliyosuguliwa kwa unga wa risasi ya penseli, ukikazia kingo. Mikwaruzo huchorwa pale ambapo mikono ingeshika na risasi zingepiga, si kila mahali. Vumbi jekundu la Katanga, likipepetwa na kuchanganywa na vanishi isiyong'aa, huingia kwenye mifereji ya umbo na kuipa helmeti historia ambayo rangi ya kopo haiwezi kuitoa.

Kioo hutengenezwa kwa plastiki ya faili nene, filamu ya zamani ya eksirei, au kioo cha helmeti ya pikipiki kilichobandikwa karatasi ya vioo vya magari. Huwekwa baada ya rangi. Matundu ya pumzi hutobolewa chini ya kidevu na nyuma ya masikio, mahali pasipoonekana, kwani bila hayo kioo hupata ukungu kwa dakika chache. Ndani hubandikwa vipande vitano au sita vya sponji laini, viwili kwenye mashavu, kimoja utosini, vingine kuzunguka kichwa, kwa mikanda ya kunata ili viondolewe na kufuliwa. Kisha helmeti hujaribiwa kwa kutembea, kushuka ngazi na kugeuza kichwa huku na huku. Ikicheza kichwani, huongezwa sponji. Hakuna hata moja kati ya helmeti hizi, hata ya shaba, inayolinda kichwa juu ya pikipiki. Wakati wa mvua, helmeti ya kartoni huwekwa juu ya kabati na si sakafuni, ikiwa imejazwa magazeti makavu yanayobadilishwa kila yanapopata unyevu.